Naomba ushauri: miaka ya ubunge wa Henry McNeal Turner niiandikeje?

Wakuu, naandaa jedwali la wasifu wa Henry McNeal Turner (1834–1915), mbunge mweusi katika bunge la jimbo la Georgia, Marekani. Alichaguliwa 1868 kutoka mji wa Macon. Septemba mwaka huohuo akafukuzwa bungeni pamoja na wenzake weusi, kwa hoja kwamba katiba mpya ya jimbo haikutamka haki yao ya kushika madaraka. Mahakama ya juu ya jimbo ikaikataa hoja hiyo 1869, wakarudishwa 1870.

Nikiandika “1868–1870” mfululizo, dhuluma ile inafutika. Nikitenganisha vipindi viwili, msomaji atadhani alichaguliwa upya. Na ule umeneja wake wa posta ya Macon wa 1869, ukiwa katikati, uingie safu ipi? Waliowahi kuandaa majedwali ya namna hii, mlifanyaje?