Baba Kifaransa, mama Kiingereza, watoto wanajibu wanavyotaka. Mnafanyaje?

mamawawili_Chumbageni

Wakuu habari za humu, poleni na majukumu. Mimi mtu wa Tanga, Mbondei, mume wangu Mkameruni wa Douala kaja huku kwa kazi za bomba la mafuta kule Chongoleani. Kwao Kifaransa na Kiingereza zote lugha rasmi ila yeye katoka upande wa Kifaransa, mimi Kifaransa sivuki salamu, kwa hiyo mimi na yeye ni Kiingereza tu, na Kiswahili chake ni kile cha kununulia samaki Deep Sea.

Watoto wawili, miaka 9 na 6. Baba akiwasemesha Kifaransa wanaelewa kila kitu, akisema leta maji maji yanakuja, ila jibu linatoka kwa Kiingereza na wakishavuka geti ni Kiswahili mpaka magharibi. Shida yangu kubwa ni bibi yao Douala. Akipiga video kol wanakaa wanatabasamu tuu, baada ya dakika moja, mmoja anaenda chooni harudi. Baba yao akaanzisha darasa la jumamosi, daftari na vitenzi, basi siku hizi ikifika jumamosi asubuhi wote matumbo yanauma. Nataka hobi, mchezo, kitu cha familia ambacho Kifaransa kitaingia chenyewe bila daftari. Na msiniambie Alliance Française, kile kituo cha kufundisha Kifaransa, iko Dar, na Tanga na Dar si pua na mdomo.

Mgosi wa Nguvumali

Dada si muongee Kiswahili tu jamani, hiyo nyumba sio Umoja wa Mataifa. Kiingereza shule ipo, Kifaransa watasoma wakikua. Shemeji ndo ajifunze Kiswahili.

mamawawili_Chumbageni

Mgosi, Kiswahili kwetu hakina shida, kipo kwa mashangazi kipo kwa majirani kipo kwa bodaboda wote wa Chumbageni. Bibi ndo hana Kiswahili wala Kiingereza, ana Kifaransa na Kiduala basi. Wakikua yeye atakuwepo?

Bint_Ngazija

Pole dada, hii naijua, mama yangu Mngazija, ndugu zetu nusu wapo Moroni nusu Marseille na sisi tumekulia hapahapa Ngamiani. Simu ya kuulizwa shule vipi, umekula, unampenda bibi, hata mtu mzima inamchosha sembuse mtoto. Mpe bibi kazi. Muulize shemeji habari ya beignet-haricots, vile viandazi vya duara vya kukaanga kwenye mafuta vinaliwa na maharage, Wakameruni asubuhi hawaambiwi kitu. Jumapili simamisha simu jikoni iegemee kopo la sukari, bibi aelekeze watoto wakoroge unga. Mtoto akimwaga maji mengi bibi atapiga kelele na hapo lazima ajitetee, na atajitetea kwa lugha gani wakati bibi haelewi nyingine? Maneno ya jikoni yanajirudia mnoo, unga maji hamira moto ongeza punguza, wiki ya pili ya tatu yapo mdomoni. Ila wewe TOKA JIKONI, mama akibaki pale watoto wanamgeukia yeye atafsiri na mchezo umeisha. Mafuta ya moto asimamie baba.

mwl_Bagamoyo

Mnachofanya kinaitwa mzazi mmoja lugha moja, sio kitu kipya, Mfaransa Jules Ronjat aliandika kitabu 1913 jinsi alivyomlea mwanawe Louis, yeye Kifaransa, mkewe Kijerumani. Watu wanaisifia sana hii njia lakini hawasemi kwamba baba lazima awepo! Baba anayetoka saiti jioni amechoka, na watoto wamechoka, hawezi kushindana na mtaa mzima. Kwa hiyo nakubaliana na Bint Ngazija, bora saa chache zenye kazi ya maana kuliko kulazimisha siku nzima.

Mimi nakushauri Scrabble, ule mchezo wa kupanga vibao vya herufi viwe maneno, LAKINI mnunue ya Kifaransa, ndugu wa shemeji wakija wabebe. Watu wengi hawajui kwamba herufi na pointi zake sio sawa. Ya Kiingereza E zipo 12, ya Kifaransa 15. K ya Kiingereza ni pointi 5, W na Y ni 4 4, kwenye ya Kifaransa hizo zote ni 10 kila moja kwa sababu wao hawazitumii sana. Sasa nyie wekeni sheria yenu ya nyumbani, Kifaransa ndo lugha ya mchezo ila kila mtu anaruhusiwa neno moja la Kiswahili kwa gemu. Mtoto akiweka KWAYA kwenye seti ya Kifaransa anavuna 32, kwenye ya Kiingereza 15 tu. Utaona kama tumbo litauma tena.

Halafu Mgosi hajakosea sana kuhusu shemeji. Hapa kwetu Bagamoyo mapadre wa Kifaransa wa Roho Mtakatifu walifika 1868, na mmoja wao, Padre Sacleux, alikaa miaka na watu wa pwani akiokota maneno mpaka kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ikaanza kutoka Paris 1939. Shemeji akiipata itamfaa, ni ya kizamani ila Kiswahili chake ni cha pwani hasa. Watoto wakimuona baba naye anahangaika na lugha wanalegea.

boli_Raskazone

Hao watoto wa kukaa na herufi ni wa wapi? Wapeleke nje. Pétanque! Ni gololi za watu wazima, mnarusha kigololi cha mbao mita 6 mpaka 10, halafu kila mtu anatupa mpira wa chuma ausogeze karibu nacho, wa kwanza kufika pointi 13 kashinda. Haihitaji uwanja, mchanga mgumu wa Raskazone maji yakitoka unatosha. Uzuri wake ni ubishi, wa nani upo karibu, pima, hapana pima tena, mguu wako umetoka kwenye duara. Sheria moja tu, pointi isiyobishaniwa kwa Kifaransa haihesabiwi.

Mgosi wa Nguvumali

Hapo sasa mnaongea. Na mpira msisahau, mechi za Kameruni wekeni mtangazaji wa Kifaransa. AFCON 2027 imepangwa kuchezwa huku kwetu na Kenya na Uganda, Kameruni wakifuzu hao watoto watawasemesha wageni tukae tunashangaa.

mamawawili_Chumbageni

Nimemsomea baba yao yote, viandazi kakubali palepale na bibi kashaambiwa, anasema unga wetu hauamini 😂. Scrabble tunasubiri mtu wa kubeba. Ila boli_Raskazone hiyo mipira ya chuma kwa Tanga nitaitoa wapi?

boli_Raskazone

Anzeni na vidaka, vile vinazi vichanga vinavyodondoka. Havibiringiki sawa, vinakata kona vyenyewe, ndo ubishi unazidi. Kigololi tumia ndimu.

Mgosi wa Nguvumali

Vidaka nawaletea bure toka shambani, vimejaa chini. Ila mimi nabishana kwa Kiswahili, na pointi zangu mtazihesabu.