Binti wa miaka 14 anaombwa picha Instagram na mtu asiyemjua, nianzie wapi?

MamaPasua (Moshi):
Wazazi wenzangu, habari za jioni. Tangu jana silali. Binti yangu yuko kidato cha pili, yuko likizo. Jana kanifuata jikoni, "Mama, kuna mtu ananisumbua Instagram." Anajiita kijana wa miaka 17 wa Njiro, Arusha. Alianza na salamu, mara umependeza, mara unasoma wapi. Juzi kaomba picha "ya peke yetu, usimwambie mtu", akaahidi vocha ya elfu kumi. Binti kakataa. Sasa mtu anatishia, eti sare yake anaijua, atamngojea stendi shule zikifunguliwa. Baba yake anataka kuipasua hiyo simu. Nianzie wapi?

MzeeKiboriloni:
Mumeo yuko sahihi. Miaka 14 simu ya nini? Ichukueni, yaishe.

TichaSakina (Arusha):
Pole sana mama. Mzee wangu, shikamoo, ila hapo sikubaliani nawe. Mtoto kaja mwenyewe kusema. Simu ikipasuliwa, akitishwa tena hatasema, na ataingia kwa simu ya rafiki yake. Mama, mpongeze, na baba yake amsikie ukimpongeza.

Msifute kitu. Kaeni pamoja mpige picha za skrini mazungumzo yote, kuanzia ile salamu ya kwanza, tarehe zionekane. Fungueni ukurasa wa huyo mtu mnakili jina la akaunti lilivyo, herufi kwa herufi, maana lile la kujipamba watu hubadilisha. Mripotini humo humo Instagram, ndipo mmbloku. Msimjibu, wala usijifanye binti ili umtege.

Kwa kuwa ametaja sare na stendi, nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, na hizo picha za skrini. Namba 116 ya kusaidia watoto ni bure, unaweza kupiga sasa hivi. Shule zikifunguliwa, mwalimu wa malezi awe anajua.

Halafu angalia mwaka wa kuzaliwa kwenye akaunti. Mimi nafundisha kompyuta, na hili nalikuta kila muhula: mtoto kaandika 2000 ili akubaliwe. Mwaka 2024 Instagram walianzisha akaunti za vijana. Akaunti inajifunga yenyewe, mtu asiyeunganishwa naye hawezi kumwandikia, na aliye chini ya miaka 16 halegezi masharti hayo bila mzazi kuruhusu. Ila akidanganya mwaka, anahesabiwa mtu mzima, na yeyote anamfikia.

MamaPasua:
Ticha, ubarikiwe. Nimeangalia, kaandika 2001! Baba yake kasoma ulichoandika, kairudisha simu mezani. Swali moja: je, kama kuna picha alishatuma anaogopa kusema?

DadaNjoro (Moshi):
Mama, muulize kwa upole, na mwambie kabla hajajibu kwamba hatachapwa. Kama ipo, msilipe hata mia, akishaonja hela atarudi. Na usiitume kwa shangazi wala kwenye grupu la familia "waone": kusambaza picha ya utupu ya mtoto ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hata kwa nia njema. Kuna huduma ya bure ya Marekani inaitwa Take It Down, kwa picha za utupu za walio chini ya miaka 18. Picha haitoki kwenye simu yako. Inatengenezewa alama ya tarakimu, na mitandao iliyojiunga, Instagram ikiwemo, inaitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa.

MamaPasua:
Asante mdogo wangu. Asubuhi tunaenda dawati, sote watatu.