Boti ya futi 14: ubao wa tezi (ubao wa nyuma unaobeba injini) uwe na kimo gani?

Fundi_Dunga: Wakuu, naunda kwa plaiwudi ya milimita 9. Injini ni farasi 15, shafti fupi. Nikate wapi?

Jaluo_wa_Maji: Sentimita 38 katikati, kutoka chini ya boti hadi ukingo wa juu. Kibapa cha injini kilicho juu ya rafadha (panga linalosukuma boti) kilingane na chini ya boti au kishuke kidogo. Ukizidisha kimo, rafadha inavuta hewa: injini inanguruma, boti haiendi. Unene, gundisha tabaka 4 kwa epoksi upate milimita 36.

Randa: Sawa, ila kuoza huanzia kwenye matundu ya bolti. Toboa mapana, jaza epoksi, ikishakauka toboa upya saizi ya bolti.

Fundi_Dunga: Na mataruma, zile mbavu za boti?

Randa: Kwanza funga tezi na mkuku (mti mrefu wa chini ya boti) kwa goti la mvule, yaani kipande cha pembe. Msukumo wote unaishia hapo.