Kulabu za ukutani: msokoto haulingani, ncha inapasuka

Swali (Iringa): Wakuu, kijana wangu wa miaka 15 anajifunza kufua kulabu za kutundikia makoti, chuma cha mraba milimita 10, moto wa mkaa na mivukuto. Msokoto unajikusanya sehemu moja na ncha inapasuka. Shida nini?

Jibu (Mbeya): Ncha inapasuka kwa sababu anagonga chuma kilichopoa. Wekundu ukififia, arudishe motoni. Achonge ncha kwa nyundo kikiwa rangi ya chungwa kuelekea njano: kwanza pande nne, kisha nane, ndipo aviringishe. Akikimbilia duara mapema, chuma huchanika ndani. Kikirusha cheche kinaungua; hiyo ncha akate tu.

Jibu (Tukuyu): Msokoto hufuata joto, mkuu. Sentimita 8 zote za kusokotwa ziwe rangi moja, abane kwenye vaisi, azungushe mfululizo. Panapozidi kujisokota, apamwagie maji kidogo hapo tu, kisha aendelee. Nta ya nyuki apake chuma kikiwa cha moto bila wekundu.

Na tafadhali sana, asiweke motoni bomba la mabati. Moshi wa zinki unaumiza mapafu.

Muuliza swali: Shukrani wakuu. Miwani anayo, viatu vya ngozi nanunua kesho.