Toyota IST inamisi (pistoni inaruka zamu ya kuchoma mafuta) baada ya kubadilisha plagi, naombeni ushauri kabla sijanunua koili (Kigoma)

Mchuuzi wa Katubuka

Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma mjini. Nina IST ya mwaka 2004, injini 1NZ. Gari ilikuwa inatembea vizuri, ila ilianza kula mafuta kuliko kawaida, nikashauriwa nibadilishe plagi kwa kuwa zilizokuwemo zilishachoka. Nikanunua nne mpya, fundi akazifunga. Alipowasha ikaunguruma vizuri pale pale gereji, nikamlipa nikaondoka.

Siku hiyo hiyo nikaelekea Kasulu. Hadi Kidahwe hakuna shida kubwa. Ilipoanza milima, kila nikikanyaga mafuta gari inakatakata, haina nguvu, injini inatetemeka hadi usukani. Taa ya injini inawaka na kuzima mfululizo nikiwa mlimani, nikifika tambarare inatulia lakini inabaki imewaka. Nikisimama bila kukanyaga mafuta mtetemo upo kwa mbali sana.

Fundi anasema koili (zile zinazozipa plagi umeme, moja kwa kila plagi) zimekufa, ninunue zote nne. Mwingine kaniambia giaboksi. Wa tatu kasema mafuta yana maji. Gari hii ndiyo inabeba dagaa na mawese yangu, na pesa ya koili nne ni mtaji kabisa. Nianzie wapi jamani?

Dereva wa Manyovu

Pole sana dada. Koili za hizo gari zinasumbua kweli. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, nilinunua nne za mtumba nikamaliza kazi. Usihangaike.

Kijana wa Gungu

Kabla ya kununua chochote chomoa terminali ya betri kwa nusu saa, kompyuta ijisafishe. Taa itazima.

Mzee wa Boksi Spana

Dada, hiyo pesa iache kwanza. Na betri usiiguse. Kijana wa Gungu ana nia njema, ila ukichomoa terminali unafuta kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, na hizo kodi ndizo zitakuonyesha pistoni ipi haichomi. Taa itazima, ugonjwa utabaki, na utakuwa umepoteza ushahidi.

Koili hufa, sikatai. Lakini koili nne hazifi kwa pamoja siku ile ile plagi zinapobadilishwa. Gari ilikuwa nzima, mtu akaingiza mkono, ikaanza kumisi. Tutafute kilichoguswa. Giaboksi haikuguswa. Mafuta yangekuwa na maji, pistoni zote zingelalamika, na ingekuwa baada ya kujaza, siyo baada ya kufunga plagi.

Sasa nini kiliguswa? Kwenye 1NZ ya IST, boksi la eya klina limekaa juu ya injini. Ili kuzifikia plagi fundi analitoa, anachomoa soketi ya sensa ya hewa, anavua mipira ya hewa, halafu anachomoa soketi za koili, anafungua bolti namba 10, anavuta koili, ndipo anashika plagi. Kila kimoja hapo ni mshukiwa.

Lakini maelezo yako yanapunguza orodha. Mpira wa hewa uliosahauliwa mara nyingi husumbua zaidi ukiwa umesimama, na ukikanyaga mafuta hali inakuwa afadhali. Kwako ni kinyume: ukisimama nafuu, mlimani balaa. Ukikanyaga mafuta mlimani, hewa nyingi inaingia kwenye silinda na mgandamizo unapanda, kwa hiyo cheche inahitaji umeme mkubwa zaidi ili iruke mwanya wa plagi. Kukiwa na njia rahisi pembeni, kaure (ile sehemu nyeupe ya plagi) yenye ufa au mpira wa koili unaoivaa plagi ulioloa oili, umeme unapita huko na cheche haitokei ndani. Ndiyo maana pale gereji ilionekana nzima, haikuwa na mzigo.

Jambo la haraka: taa ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, hiyo ni misi kali. Petroli isiyochomwa inatoka na kwenda kuungua ndani ya masega (kichujio cha moshi kwenye egzosi), nayo huyeyuka. Usipande tena Kasulu na hali hiyo, tafadhali.

Nenda kwa fundi umeme mwenye mashine ya kupima, asome kodi tu, asifute. P0300 ni misi ya kuhamahama. P0301 hadi P0304 inakutajia pistoni yenyewe. Ukishaipata rudi hapa, tutaendelea bila kununua kitu.

Mama Probox

Naongezea kidogo. Koili zikishavutwa, mulika tochi ndani ya yale mashimo ya plagi. Injini ya Probox yangu ni hiyo hiyo, na oili ilikuwa inavuja kutoka kava la tapeti inajaa shimoni, mpira wa koili umelowa na kuvimba. Kama kuna oili, dawa ni gasketi ya kava, siyo koili.

Mchuuzi wa Katubuka

Mzee shikamoo, na asanteni wote. Nimepimisha leo. Imesoma P0302 peke yake. Sasa namba 2 ni ipi? Fundi mmoja ananiambia mpangilio ni 1-3-4-2, kwa hiyo namba 2 ni ya mwisho kule kwenye giaboksi. Nimechanganyikiwa.

Mzee wa Boksi Spana

Marahaba mwanangu. Hiyo 1-3-4-2 ni zamu ya kuchoma, siyo namna zilivyokaa. Zimekaa kwa mstari 1, 2, 3, 4. Namba 1 iko upande wa mikanda, namba 4 upande wa giaboksi. Kwa hiyo ni ya pili ukianzia kwenye mikanda. Mtu akikosea hapo atabadilisha kitu kizima na kuacha kibovu.

Fanya hivi, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Koili ya namba 2 ihamie 3, ya 3 ije 2. Koili tu, plagi zisiguswe. Hakikisha kila soketi inalia "ta" ikiingia. Zile klipu hukauka kwa joto na kukatika, na soketi iliyolegea huleta misi hii hii. Andika kodi pembeni, ifutwe, kisha tafuta mlima wa karibu. Ikirudi P0303, koili ndiyo mgonjwa na utanunua moja. Ikirudi P0302, koili imeachiwa huru, tunaangalia plagi.

Na mtu asikwambie uchomoe soketi za koili moja moja injini ikiwa inaunguruma. Njia hiyo ipo, mafundi wengi tumeitumia, ila inaacha kodi za P0351 hadi P0354, za umeme wa koili, na kukuchanganya, na petroli mbichi inazidi kwenda kwenye masega. Mashine ikishakutajia pistoni huna sababu ya kufanya hivyo.

Dereva wa Manyovu

Mzee nakubali. Nilipobadilisha zangu nne sikujua hata ipi ilikuwa mbovu.

Mchuuzi wa Katubuka

Nimerudi na majibu. Tumehamisha koili, nikapanda kutoka stesheni hadi Mwanga, ikamisi tena. Kodi: P0302. Tukafungua plagi ya namba 2. Kwenye kaure nyeupe kuna ufa mwembamba kama unywele, na juu yake mstari mweusi umeshuka hadi kwenye chuma. Mashimo makavu, hayana oili. Plagi za zamani nilizihifadhi, tukarudisha moja hapo namba 2 na kufuta kodi. Nimepanda mlima ule ule mara kadhaa, taa haijawaka na gari inavuta.

Fundi wangu ameiona mwenyewe na amekubali kununua nyingine. Soketi yake ya kufungulia plagi haina mpira ndani na aliikaza ikiwa imeinama. Naombeni mniambie nisimamie nini safari hii. Na je, masega yatakuwa yameharibika?

Mzee wa Boksi Spana

Nimefurahi sana. Huo mstari mweusi ni njia ya umeme. Sasa sikiliza, hapa ndipo wengi hurudiwa na tatizo: angalia ndani ya mpira wa ile koili iliyokuwa namba 2, ambayo sasa iko 3. Mara nyingi alama ya kuungua inajichora na huko. Ukiiacha, umeme utaendelea kupita humo na plagi nzuri itamisi tena. Uufute kwa kitambaa kikavu. Kama umechimbika, badilisha mpira. Ukikosa mpira peke yake, hapo koili moja ina haki ya kununuliwa.

Plagi mpya iwe aina ile ile ya zile tatu, na namba yake iishie na 11, maana yake mwanya wa milimita 1.1. Iliyowahi kuanguka sakafuni usiipokee hata ikionekana nzima. Ianze kuingia kwa vidole, ikigoma irudishwe nyuma, maana silinda hedi ni aluminiamu na nyuzi zake hukatika kirahisi. Ikikaa, spana ya kipimo iwekwe Nm 18. Kama fundi hana, plagi mpya yenye washa (pete ya chuma) inazungushwa nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko baada ya kukaa, basi. Soketi isimame wima muda wote. Na zile tatu nyingine zifunguliwe zikaguliwe kaure, zilikazwa na mkono ule ule.

Masega: kama sasa gari inavuta hadi mwendo mkubwa bila kubanwa pumzi, na kodi ya P0420, ya masega kutosafisha moshi vizuri, haitokei, yamesalimika. Ikitokea, leta hapa tuone kabla mtu hajakushauri uyatoe.