Tate Modern ya London: ni sanaa kweli au tunapigwa changa la macho?

Mtoto_wa_Temeke
Wakuu habari za jioni. Niko London kimasomo tangu mwezi wa tisa, sasa wikiendi wenzangu wa darasani wakanivuta twende Tate Modern, lile jumba la sanaa ya kisasa pale ukingoni mwa mto Thames, kuingia bure nikasema poa twende. Jengo ni zuri sikatai. Ila humo ndani nimekuta sinki la kukojolea wanaume, limelazwa chali, limetiwa saini, na watu wazima wamelizunguka wanalipiga picha kwa heshima zote. Sinki wakuu! Kumuuliza mwenzangu mmoja Mfaransa ananiambia eti cha kuangalia pale ni wazo. Naomba wenye uelewa mnisaidie, hivi vitu vinaangaliwaje, au ndo kila mtu anajua ni kanyaboya ila anaogopa kusema?

FundiBoma
Umemaliza mkuu. Na hujaambiwa habari ya matofali. Mwaka 1972 hao hao Tate, kabla hata hawajafungua hilo jumba, walinunua matofali 120 ya tanuru, kazi ya Mmarekani anaitwa Carl Andre, yamepangwa tu chini kwa tabaka mbili, saruji hakuna, plasta hakuna. Magazeti yalipokuja kushtuka 1976 ikawa kelele nchi nzima, hela za walipa kodi zinaenda wapi, mpaka jamaa mmoja akaenda kuyamwagia rangi ya bluu. Mimi hapa Tegeta nina vijana wanapanga tofali siku nzima juani na hajaja mzungu hata mmoja. Mzee Tingatinga alichora kwenye hadibodi na rangi za baiskeli, akichora chui unaona chui, hauhitaji Mfaransa wa kukutafsiria. Tunapigwa.

Brixton_Kitambo
Tunapigwa nini FundiBoma na mlango ni bure.

Mtoto_wa_Temeke nisikilize. Lile sinki bila stori yake ni sinki kweli. 1917 New York kulikuwa na chama cha wasanii kimetangaza maonyesho, kila anayelipa ada kazi yake itawekwa, hakuna kuchuja. Marcel Duchamp mwenyewe alikuwa kwenye uongozi wa hicho chama, akaenda kununua sinki dukani akaliandika R. Mutt akalipeleka kwa jina hilo la uongo kuona kama watasimamia maneno yao, wakalificha, naye akajiuzulu. Kwahiyo aliyeumbuliwa pale sio wewe mtazamaji, ni kamati. Na hilo uliloliona sio hata lenyewe, la kwanza lilipotea, hili la Tate ni nakala ya 1964. Ukishajua hivyo uko huru kusema halikuvutii, mimi pia silipendi kihivyo, naona utani ukirudiwa miaka mia unapoa.

Ila swali langu ni hili, uliingilia mlango gani? Maana kama ulipita juu juu ukakimbilia vyumbani basi umekosa kitu. Pale palikuwa kituo cha kufua umeme, kachora Giles Gilbert Scott, yule yule wa vile vibanda vyekundu vya simu, kikafungwa 1981 na Mei 2000 ndo pakafunguliwa kama makumbusho. Ule ukumbi mkubwa walikong'oa mitambo wanauita Turbine Hall, urefu mita 152, kimo mita 35, na wanampa msanii mmoja kwa zamu aujaze anavyojua. 2010 Ai Weiwei wa China alimwaga mbegu za alizeti zaidi ya milioni 100, na sio mbegu, kila moja ni ya kauri imepakwa rangi kwa mkono na mafundi wa mji wa Jingdezhen. Siku za mwanzo watu walikuwa wanatembea juu yake, vumbi likaonekana ni hatari kwa afya wakapiga marufuku.

Sasa ukirudi angalia chini. 2007 Doris Salcedo wa Colombia aliupasua ule ukumbi, ufa umeanza kama unywele mlangoni ukaenda unapanuka mpaka mguu unaingia, mita 167 maana haukwenda moja kwa moja. Alikuwa anasema habari ya ubaguzi, sisi wahamiaji tunapoishi ni humo. Maonyesho yalipoisha wakaujaza, lakini kovu lipo mpaka leo kwenye sakafu, watu wanapita juu na vigari vya watoto hawana habari.

Mtoto_wa_Temeke
Daah nimeukanyaga huo mstari nikajua ni ujenzi mbovu 😂

BiMwema_Kiponda
Wanangu mnagombania sinki na tofali, mbona hamumtaji mtu wenu? Lubaina Himid kazaliwa Unguja 1954, babaake akafariki naye bado mchanga mno, mamaake akamchukua kurudi Uingereza. 2017 kapata tuzo ya Turner, ile kubwa ya sanaa huko Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza, na umri wake 63. Novemba 2021 wakampa maonyesho makubwa hapo hapo Tate Modern, na mie nilikuwa kwa binti yangu Leicester nikampeleka kwa nguvu. Mlikuwa na kazi za mtindo wa kanga, pindo lipo, mji upo, na maneno yake yamekaa pale pale jina la kanga linapokaa. Wazungu wanainama wanasoma. Binti yangu ananiuliza hii nayo sanaa mama, nikamwambia wewe umelelewa umefungwa mgongoni na hiyo sanaa. FundiBoma, hiyo nayo utasema tunapigwa?

FundiBoma
Shikamoo Bi Mwema. Hapo sina neno, kanga ni kanga. Lakini hata hilo jina Tate si ndo la yule tajiri wa sukari? Sukari na utumwa vyote ni kapu moja.

Brixton_Kitambo
Ndiyo ni Henry Tate mwenye sukari. Yeye alianza biashara ya kusafisha sukari baada ya utumwa kufutwa kwenye makoloni ya Uingereza, ila mashamba ilikotoka hiyo sukari yalijengwa na watumwa, na Tate wenyewe wanakiri hawawezi kujitenga na hilo. El Anatsui wa Ghana alipopewa Turbine Hall 2023 aliwagusa hapo hapo, katundika mapazia makubwa ya vizibo vya chupa za pombe, vimepondwa vikafungwa kwa waya wa shaba maelfu kwa maelfu, la kwanza limetuna kama tanga. Sukari, ramu, meli. Hakuandika bango refu.

Mtoto_wa_Temeke
Asanteni, Bi Mwema shikamoo. Narudi Jumamosi. Yale maonyesho maalum nimeona yana tiketi na hela yenyewe ya mawazo, kuna namna?

Brixton_Kitambo
Una miaka mingapi? Kama 16 mpaka 25 jiunge Tate Collective mtandaoni, ni bure, tiketi unapata paundi 5. Kama umevuka piga zile kumbi za kudumu tu, siku nzima hazikuishi.

Mtoto_wa_Temeke
24. Naingia sasa hivi.