Natoka kwenye Fuso naingia kwenye semi, safari ya kwanza Lubumbashi. Nisaidieni kabla sijaondoka

Kokoto_Boy

Wakuu, wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi.

Nimeendesha Fuso tipa miaka 4, mchanga na kokoto, hapa hapa Dar na mara chache Chalinze. Daraja E ninalo. Sasa kuna tajiri dereva wake kaumwa mgongo, kaniambia nichukue gari lake: kichwa cha diff mbili (ekseli mbili za nyuma zinazosukuma) na tela la bapa la ekseli tatu. Tunapeleka salfa Lubumbashi, tunarudi na shaba. Nina wiki mbili.

Jana nilijaribu kurivasi yadini. Tela likaenda nisikotaka, nikaongeza usukani, likazidi, mwisho kichwa kikabaki kidogo tu kilambe kona ya tela. Mlinzi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasimama akaanza kunielekeza, na yule mzee hajawahi kuendesha hata bajaji.

Naomba kujua: kurivasi nakosea wapi, Kitonga naishukaje na mzigo, na kipi cha kuangalia kwenye gari ambalo si langu. Utani ruksa, lakini jibuni kwanza.

Kijiwe_Mikese

Ushauri wangu rudi kwenye kokoto. Kokoto hazina mpaka wa Kasumbalesa.

Mzee_wa_Kichwa

Marahaba kijana. Huyo mlinzi mpe soda. Aliye nje anaona usichokiona ukiwa kitini.

Kurivasi: sahau Fuso. Kwenye Fuso usukani ukienda kushoto, nyuma ya gari inakwenda kushoto. Kwenye semi ni kinyume. Shika usukani kwa chini, karibu na tumbo lako. Mkono ukisogea kulia tela linakwenda kulia, mkono ukisogea kushoto linakwenda kushoto. Fanya hivyo siku tatu mpaka uache kufikiri.

Kosa lako naliona kwenye maelezo yako mwenyewe: "nikaongeza usukani". Tela la bapa ni refu, linachelewa kuitika. Kata kidogo, tulia, lisubiri. Likishaanza kukunja, geuza usukani kichwa kilifuate. Ukiona tela limejaa kwenye kioo kimoja na kioo cha pili unaona ukuta mtupu, usibishane nalo, songa mbele ujinyooshe uanze upya. Nina miaka 19 kwenye kazi hii na nasonga mbele mara tatu, mara nne, watu wakinitazama. Halafu ukipata nafasi ya kuchagua, ingiza tela upande wa kulia, upande wako, ulione kwa macho. Upande wa tingo, msaidizi wako, unarudi kwa imani.

Kwenda, Kitonga ni mlima wa kupanda. Tazama geji ya joto, kaa kushoto, mabasi yakupite. Inakudai siku ya kurudi, umeshapita nyanya za Ilula, una tani 30 mgongoni na roho imeshafika Dar kabla ya gari.

Na shaba ina uongo wake. Zile bamba zinafungwa mafungu, fungu moja linapita tani mbili, ukiyapanga kwenye bapa hayafiki hata kiunoni. Kwenye kioo unaona tela kama tupu. Macho yanauambia mguu kwamba huna mzigo.

Mwaka 2009 mguu wangu uliyaamini macho. Nilianza kushuka na gia moja juu ya niliyotakiwa, nikijisemea nitapunguza mbele. Kona ya pili gari linasukuma, nakanyaga breki. Kona ya tatu nikaamua kupunguza gia hapo hapo kwenye mteremko. Nikatoa gia, iliyofuata ikagoma kuingia. Nikabaki frii, kijana, frii ya kweli, injini inaimba peke yake na gari linakwenda lenyewe. Harufu ya breki ikaingia ndani. Mshale wa upepo ulikuwa juu ya 8, nikautazama nikiwa nakanyaga, 7, 6, nikiachia haupandi upesi. Tingo wangu hakusema neno. Alifungua mlango akaushika kwa mguu.

Kilichoniokoa ni lori la saruji lililokuwa limeharibika na kuacha majani barabarani. Yale majani yalinifanya nianze kukanyaga mapema, kabla ya kona, mguu mmoja mzito bila kuachia, nikaingiza matairi ya kushoto kwenye mfereji na tela likasuguana na ukuta wa mlima mpaka likasimama. Vibao vya pembeni vyote vilikatika. Tulishuka, ringi zinatoa moshi, nyani wamekaa wanatutazama. Tingo alitaka kumwaga maji kwenye ringi, nikamzuia, ngoma ya moto ukiimwagia maji inapasuka. Tuliweka mawe tukakaa zaidi ya saa mbili. Hatukuongea sana.

Sasa fanya hivi. Pale juu, kabla mteremko haujaanza, paki sehemu salama. Shuka, zunguka gari lote, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila ringi usikie ipi ina moto kuliko wenzake. Panda, chagua gia ukiwa umesimama: ile uliyopandia siku ya kwenda, au moja chini yake. Weka breki ya egzosi, ile inayofanya injini izuie gari. Ukishaanza kushuka hakuna kubadili gia na hakuna frii. Mwendo ukizidi uliokusudia, kanyaga breki vizuri mpaka ushuke chini ya mwendo huo, halafu achia kabisa zipoe. Usizilambe lambe njia nzima. Wa nyuma wakipiga honi, waache wapige.

Kitonga inaogopwa, kwa hiyo watu wanakuwa na adabu. Mimi naogopa zaidi kule Mbeya, mlima Iwambi kushuka Mbalizi, kwa sababu kule chini kuna watu, bajaji, na kila mtu ana haraka.

Fundi_Makambako

Mzee kasema ya dereva, mimi niseme ya chini ya gari.

Watu wanasema "breki zilifeli" kama vile ni ajali ya radi. Ngoma ikipata moto inatanuka, inakimbia viatu vya breki. Chemba, kile kikopo cha upepo kinachosukuma breki ya kila gurudumu, inasukuma fimbo yake mpaka mwisho wa uwezo, na kiatu bado hakijabana sawasawa. Upepo upo kabisa, breki hakuna. Kama breki zilikuwa zimelegea tangu Dar, mwisho huo unafika mapema zaidi. Kwa hiyo kabla hujaondoka mtu akanyage, wewe uwe chini na tochi, utazame kila fimbo inatoka kiasi gani. Moja ikitoka ndefu kuliko wenzake, hiyo haifanyi kazi, wenzake wanaibebea.

Tela ndilo linaloonewa. Kichwa kinafanyiwa sevisi, tela linabadilishwa vichwa vitatu kwa mwaka na hakuna anayeliona ni lake. Kagua mipira ya upepo inayokwenda kwenye kila chemba. Chemba ikivuja njiani, wapo wanaokunja mpira wake na kuufunga kwa raba ya tyubu ili upepo usiishe. Gari linafika, tajiri anafurahi, na lile gurudumu halina breki tena mpaka mtu alione.

Maji kwenye matenki ya upepo mwaga kila asubuhi. Yakitoka na mafuta, kompresa yako imeanza kuchoka.

Na ukiunganisha tela, usiamini mlio wa kufunga peke yake. Chungulia kwa tochi uone taya la kichwa limeishika pini ya tela, kisha funga breki za tela uvute kichwa mbele kidogo. Kama linashika, litashika. Ndipo upandishe miguu ya tela, si kabla.

Kokoto_Boy

Mzee nimesoma mara mbili, mikono imelowa. Na mizani je? Nasikia wengine wanakaa siku nzima.

Mzee_wa_Kichwa

Hesabu ni hii: ekseli ya mbele tani 8, za diff mbili 18, tatu za tela 24. Jumla 50 kwa gari lako. Tatizo jumla inaweza kuwa 49 na bado ukakamatwa, kwa sababu mafungu yamesogezwa mbele na diff zimebeba 20. Shaba ni ndogo, fungu moja likikaa vibaya linahamisha tani mbili nzima. Simamia upakiaji mwenyewe. Usilale kwenye kichwa wakati wanapakia, hata kama umeendesha usiku kucha. Lala wakimaliza.

Nimesahau jingine. Ukivuka Kasumbalesa kuingia Kongo unahamia upande wa kulia wa barabara, na usukani wako uko kulia. Maana yake kupita gari la mbele huoni chochote, macho ni ya tingo. Chagua tingo anayesema "bado" bila kukuogopa. Anayejibu "twende tu bosi" mwache Tunduma.

Mzaramo_Ohio

Nipo Marekani mwaka wa 7, naendesha semi. Huku uzito wa kawaida mwisho pauni 80,000, kama tani 36, kwa hiyo nyie hapo nyumbani mnabeba zaidi yetu kwenye barabara nyembamba. Saa za kuendesha ni 11 tu, kisha lazima upumzike 10, na kifaa kwenye gari kinarekodi, huwezi kukidanganya kwa maneno. Mlima Monteagle kule Tennessee una njia za pembeni zilizojazwa kokoto, breki zikikugomea unaingia humo gari linazama. Kokoto_Boy ungejisikia nyumbani.

Cha kweli ninachokuonea wivu ni tingo. Mimi narudi nyuma usiku kwenye yadi ya watu, mvua inanyesha, sina hata mlinzi wa kunicheka.

Mama_Nasri

Mimi si dereva, ni mke wa dereva wa njia hiyo hiyo. Mwanangu, beba unga, mchele, jiko la gesi dogo na maji mengi. Foleni ya mpakani inaweza kuwa ya siku, si saa. Baba Nasri aliwahi kunipigia yupo pale siku ya nne, anapika maharage chini ya tela.

Posho usiitume yote nyumbani siku ya kwanza. Na usimfiche mkeo kama ulisinzia kwenye usukani. Wangu aliniambia mara moja tu, alishtuka yuko hifadhi ya Mikumi na taa zinamulika twiga. Tangu siku hiyo ikifika saa sita usiku nampigia, asipopokea najua kapaki, tumekubaliana hivyo. Akipokea namgombeza.

Kokoto_Boy

Nimerudi na mrejesho.

Kurivasi: leo nimeingiza tela mara 5 kati ya 8. Mlinzi kapata soda na sasa anajiita mwalimu.

Tela: nimeingia chini na tochi kama Fundi alivyosema. Ekseli ya katikati, kushoto, mpira umekunjwa mara mbili na kufungwa kwa raba ya tyubu, umeshika vumbi mpaka raba imebadilika rangi. Nikampigia tajiri. Akasema, "Hiyo ilifungwa Tunduma, ilikuwa ya kufikia nyumbani tu." Nikamuuliza lini. Akasema mwezi wa tatu.

Fundi_Makambako

Usiiondoe hiyo raba mwenyewe, utavujisha upepo wote. Weka kwanza mawe kwenye magurudumu, kisha piga picha chemba ubavuni, kuna namba ya ukubwa, mara nyingi 24 au 30. Nitumie. Usikubali kuletewa ndogo kuliko iliyopo eti ndiyo iliyokuwepo dukani. Na ukiwa chini hapo, angalia na ile ya kulia.

Kokoto_Boy

Ya kulia nzima. Imeandikwa 30. Tajiri kasema atanunua Jumatatu.

Mzee_wa_Kichwa

Basi unaondoka Jumanne.